Mama, simu hiyo si ya umbea tu

SEHEMU YA 1

Jamani wamama, leo naanza mfululizo, na naanza nikiwa na hasira. Nivumilieni, zitapungua tukiendelea.

Juzi kwenye foleni ya kliniki nesi mwenzangu alisimama mlangoni akapaza sauti: "Wekeni simu chini! Simu ndizo zinawaharibu nyie wamama wa siku hizi." Wamama thelathini na kitu wakainamisha vichwa, simu zikaingia kwenye mikoba. Mimi nilikuwa napima watoto uzito, nikanyamaza. Nilinyamaza kwa aibu, maana maneno hayohayo nimeyasema mwenyewe kwa miaka, tena kwa sauti kubwa kuliko yake.

Leo nayafuta hadharani. Simu haijamharibu mama yeyote niliyewahi kumhudumia. Nilichokiona ni kingine kabisa: mama ana simu nzuri, nyingine bado anailipia kila siku kwa mkopo, na siku mtoto anapozidiwa saa nane usiku ile simu inakuwa tochi tu. Hajui kuiwekea alamu sawasawa. Hajui kuhesabu dakika moja. Namba ya mume anaijua simu, yeye haijui. Na hakuna aliyewahi kukaa naye dakika kumi akamwonyesha.

Fikiria mwenyewe, nani alikufundisha simu yako? Kijana wa dukani alikuwekea laini, akakufungulia WhatsApp, akakuuzia kava. Mume alikuonyesha kutuma na kutoa hela. Mtoto wa dada yako akakuwekea TikTok. Basi, masomo yakaishia hapo. Sisi manesi ndio tungefaa kumalizia, lakini sisi ni wa kufokea watu mlangoni.

Najua wapo watakaosema "sisi tuliwalea bila simu na mkakua". Mama mkwe wangu ni wa kwanza. Nakubali, mama, lakini ulikuwa na ua. Kwenye ua kulikuwa na shangazi wa kukumbusha dawa, bibi wa kutazama mtoto anavyohema na kusema "huyu hapana, mpelekeni", na kijana wa kukimbia kumwita mkunga. Binti yako leo yupo chumba na sebule Dar, jirani wa ukuta wa pili anamjua kwa mlio wa ufunguo tu, na mume yuko zamu ya usiku. Shangazi huyo hayupo. Kilichopo chumbani ni simu. Sasa unataka tumnyang'anye na hiyo?

Kwa hiyo mfululizo huu ni wa mambo yanayochosha: saa, kipima muda, kamera, kalenda, ujumbe. Havina hata ladha ya umbea. Hakuna programu ya kupakua, na mengi yanafanya kazi bila bando.

SEHEMU YA 2: ALAMU, NA SAA YA KIZUNGU

Hapa nitakaa sana, kwa sababu hapa ndipo niliposhikwa uongo mimi mwenyewe.

Miaka kadhaa nyuma nilikuwa zamu ya jioni. Akaja mama mdogo, mtoto ana miaka miwili, kipimo kinasema malaria. Tukampa dozi ya kwanza ya dawa ya mseto palepale, ilikuwa saa mbili usiku. Wengi mnaijua dawa hii: dozi sita kwa siku tatu. Ya pili inatolewa saa nane baada ya ya kwanza, halafu siku ya pili na ya tatu ni asubuhi na jioni. Nikamwambia vizuri tu: "Dozi ya pili utampa saa kumi alfajiri. Weka alamu." Akasema sawa dada, akaondoka.

Kesho yake jioni karudi, mtoto bado anachemka. Nikauliza kuhusu dozi ya pili. Akasema nilimpa saa nne asubuhi, alamu ilipolia. Sikusubiri amalize. Nilimshambulia: mnalala, mnasahau, mkiona mambo mabaya mnakuja kutulilia. Yeye akatoa simu kimya kimya, akafungua alamu, akanionyesha. Ilikuwa imeandikwa 10:00, asubuhi.

Mmeelewa? Nilimwambia saa kumi, akaweka kumi. Simu inasoma saa ya kizungu. Saa kumi yetu ya alfajiri kwenye simu ni 4:00. Kumi ya simu ni saa nne yetu ya asubuhi. Amechelewa saa sita kamili, na hakulala, wala hakusahau. Alitii nilichomwambia, tena kwa chombo chake mwenyewe, na nikamtukana mbele ya watu.

Mtoto yule alipona, tulimsimamia dozi zilizobaki. Lakini nilijiuliza ni wangapi niliwaambia hivyohivyo na hawakurudi kunionyesha skrini.

Tangu siku hiyo simwambii mama "weka alamu saa fulani". Namwambia afungue ile sehemu ya saa, aguse kipima muda, kile kinachohesabu kurudi nyuma. Tunaweka saa 8, dakika 0, tunabonyeza kuanza mbele yangu. Hapo hakuna kubadilisha saa ya Kiswahili kuwa ya kizungu. Kikiisha kinalia, unampa. Ukizima simu au chaji ikiisha kinaweza kupotea, kwa hiyo simu ilale na chaji.

Kwa dozi za asubuhi na jioni, hapo alamu ni nzuri, ila kabla hujaihifadhi angalia kwamba inasoma 7:00 asubuhi, yaani saa moja yetu, na jioni 19:00 au 7:00 ya usiku. Ongeza au punguza sita, basi. Kisha iandike jina. Alamu inakubali kuandikwa maneno: andika DAWA YA MTOTO. Alamu isiyo na jina ikilia saa kumi alfajiri unaizima ukiwa usingizini ukidhani ni ya daladala. Nimefanya hivyo mwenyewe, na mimi nimesomea kazi hii.

Usibonyeze kuahirisha. Nenda ukampe mtoto, halafu ndiyo uizime.

SEHEMU YA 3: DAKIKA MOJA YA KUHESABU

Mama anakuja ananiambia "anahema haraka". Haraka kiasi gani? "Haraka tu." Hapo simlaumu, kwa sababu kila mtoto mwenye homa anaonekana anahema haraka, na kila mama mwenye hofu anaona hivyo. Lakini mwingine anakaa siku mbili nyumbani anasema "ni mafua tu", na kifua tayari kimeshambuliwa. Nimonia inaua watoto. Na moja ya dalili tunazoziangalia sisi kituoni kabla ya mashine yoyote ni kuhesabu pumzi kwa dakika moja. Siyo siri ya hospitali. Unaweza kufanya kitandani kwako.

Mtoto awe ametulia: halii, hanyonyi, akilala ni bora zaidi. Mpandishe nguo uone tumbo na kifua. Weka kipima muda cha simu dakika moja, bonyeza, halafu acha kuangalia simu kabisa, angalia tumbo. Likipanda na kushuka, hiyo ni moja. Simu ikilia, acha kuhesabu. Ndiyo maana napenda kipima muda kuliko saa ya ukutani: macho yako hayagawanyiki.

Sasa idadi. Mtoto wa chini ya miezi miwili, pumzi 60 au zaidi ni haraka. Wa miezi miwili hadi hajatimiza mwaka, 50 au zaidi. Wa mwaka mmoja hadi hajafika miaka mitano, 40 au zaidi. Ukipata namba hizo, nenda kituoni, na ukifika sema namba: "Nimehesabu pumzi 56, ana miezi nane." Nakuhakikishia nesi yeyote mwenye akili timamu atainua kichwa. Ukisema "anahema haraka tu" umeungana na foleni.

Dakika iwe nzima. Usihesabu sekunde kumi na tano ukazidisha mara nne. Watoto hawahemi kwa mpangilio, hasa wachanga. Kichanga ukipata namba kubwa, hesabu tena mara ya pili.

Halafu nisikilizeni hapa. Kuhesabu si ruhusa ya kubaki nyumbani. Mbavu zikibonyea ndani anapovuta pumzi, mtoto akishindwa kunyonya au kunywa, akitapika kila kitu, akipata degedege, akilegea au kutoamka vizuri, hapo huhesabu chochote, unaondoka. Na kichanga wa chini ya miezi miwili mwenye homa au anayekataa titi, unaondoka. Simu yako inakaa mfukoni, inakusubiri kwenye bodaboda.

Mara ya kwanza jaribu leo mtoto akiwa mzima. Akilala, hesabu. Ukija kuhesabu kwa mara ya kwanza siku anaumwa, mikono inatetemeka na namba zinakukimbia.

SEHEMU YA 4: KAMERA

Hii ni fupi. Piga picha kadi ya kliniki, kurasa zote zilizoandikwa, kila unapotoka kliniki. Kadi zinalowa, zinaungua, zinaliwa na panya, zinabaki kwa mama mkwe Tanga wakati wewe uko Dar. Mjamzito hali kadhalika: picha ya kadi yako, yenye kundi la damu na presha ulizopimwa, mtumie na mume.

Piga picha boksi la dawa aliyokuwa anatumia. "Kidonge cheupe cha duara" si jina la dawa.

Degedege: mlaze mtoto kwa ubavu mahali salama, usimtie kijiko wala kidole mdomoni, usimnyweshe kitu, na usimfukizie chochote hata bibi akisema nini. Ukishafanya hivyo, na kama kuna mtu wa pili, yeye ashike simu arekodi video wakati mnatafuta usafiri. Mtoto akifika kwetu mara nyingi ameshaacha kutetemeka, na sisi tunabaki kukisia. Video ya sekunde ishirini inamwonyesha daktari upande gani ulianza, macho yalikuwaje, muda gani. Majirani watasema huyu mama gani anarekodi mwanae anakufa. Waache waseme.

Ila picha hizo ni za kuonyesha ukifika. Sitaki picha ya upele saa nane usiku na swali "dada hii nini?", na sitaki kabisa uirushe kwenye kundi la watu mia mbili ambako mmoja atakwambia mafuta ya taa na mwingine atakuuzia dawa. Makalio ya mwanao si ya kundi. Na ile sauti ya "daktari" asiye na jina inayozunguka tangu mwaka juzi, ukiipata, iishie kwako.

SEHEMU YA 5: SIMU ILIYOFUNGWA

Wababa mliojificha humu mnasoma kimya kimya, hii ni yenu pia.

Usiku mmoja majirani walituletea mjamzito anatetemeka, kifafa cha mimba. Hawakujua jina lake. Walijua anaitwa kwa jina la mtoto wake wa kwanza, basi. Simu yake ilikuwa kwenye kanga, imefungwa kwa neno la siri na alama ya kidole. Mwenzangu akajaribu kidole chake. Mikono imevimba, imelowa jasho, simu ikakataa. Ikakataa tena. Ikasema subiri.

Tulitaka kujua vitu vidogo tu: mimba ina miezi mingapi, kuna dawa za presha anakunywa, ana ugonjwa mwingine, tumpigie nani. Kazi ya kumwokoa ilianza, hatukuisubiri simu. Lakini mume wake tulimpata karibu saa mbili baadaye, kwa sababu alipiga mwenyewe kuuliza kama chakula kimebaki. Nesi aliyeipokea simu ile hajasahau swali hilo mpaka leo, kwa sababu ni mimi.

Walipona wote wawili. Ila sijawahi kuwa na amani na simu iliyofungwa isiyo na jina la mtu wa dharura.

Kuirekebisha ni dakika tano. Ingia kwenye mipangilio, tafuta usalama na dharura. Simu nyingi za siku hizi zina sehemu ya taarifa za dharura. Andika kundi la damu, ujauzito, ugonjwa, dawa unazotumia, na weka watu wawili wa kupigiwa. Ikishakaa, mtu anayeokota simu yako anagusa "dharura" pale kwenye skrini iliyofungwa, anaona taarifa na anawapigia hao wawili bila neno lako la siri. Meseji zako haoni. Siri zako zimebaki zako, msinitafutie ugomvi wa ndoa.

Kama simu yako haina sehemu hiyo, andika namba ya mume na ya dada kwenye karatasi, ibandike nyuma ya simu ndani ya kava. Nayo ni teknolojia.

Sasa baba. Nyumba nyingi simu kubwa ni moja na ni yako. Unatoka nayo asubuhi, unarudi nayo usiku, imefungwa, na mama anabaki na kitochi ambacho hakina salio. Sikuombi umpe neno lako la siri. Nakuomba hivi: kitochi hicho kina alamu na kinapiga simu, hakikisha kina chaji na namba tatu zimeandikwa mwanzoni. Andika majina yaanze na AA yakae juu kabisa: AA Baba, AA Bodaboda, AA Dada. Na mkeo akifika mwezi wa tisa simu yako isizimwe usiku. Nasikia "betri mbovu". Nunua betri.

Namba nyingine ya kuweka ni 115. Hiyo ni ya m-mama, usafiri wa dharura kwa wajawazito, waliojifungua na watoto wachanga. Ni bure kupiga. Ihifadhi kabisa, usitegemee kuikumbuka.

SEHEMU YA 6: UNAKAA WAPI?

Umepiga simu, dereva yupo njiani, anauliza unakaa wapi. Na hapo ndipo dakika ishirini zinapopotea. "Shuka pale kwa muuza chipsi, pita uwanja, uliza kwa mama nani." Usiku muuza chipsi amefunga. Hata kibao cha namba ya nyumba kikiwepo ukutani, dereva wa bodaboda haendi kwa kibao.

Andika maelekezo leo, mchana, umetulia, kama ujumbe, ukitaja vitu ambavyo usiku havihami: msikiti, nguzo ya umeme yenye transfoma, geti la bluu, kona ya pili kushoto. Uhifadhi kwenye simu, mtumie na mumeo. Siku ya siku unanakili na kutuma kwa ujumbe wa kawaida, bila bando. Kama una bando, ongeza na mahali ulipo kwa WhatsApp. Mpe rafiki maelekezo yako Jumamosi ajaribu kufika bila kukupigia. Akipotea, maelekezo yako ni mabovu, yaandike upya.

Na mjamzito, hili ninalipenda kuliko yote. Tukikuuliza leba "chupa ilipasuka saa ngapi?", unatuambia "jioni jioni". Jioni gani? Kwetu muda huo unatuongoza, kwa sababu maji yakikaa muda mrefu yametoka hatari ya maambukizi inaongezeka. Sasa, maji yakitoka tu, mtumie dada yako ujumbe wa neno moja: MAJI. Huhitaji kuandika saa. Ujumbe unajiandikia saa wenyewe. Uchungu ukianza, tuma UCHUNGU. Ukifika leba unanifungulia simu, nasoma, naandika kwenye chati. Wamama wawili wamenifanyia hivyo mwaka huu na niliwakumbatia.

Kutuma kwa sauti nako kunafaa. Kibodi ya Google inaelewa Kiswahili: gusa maikrofoni, sema, inaandika. Usiogope lafudhi. Na kama menyu za Kiingereza zinakutisha, badilisha lugha ya simu iwe Kiswahili, ipo. Siyo ushamba. Mimi yangu ni ya Kiswahili na nina cheti cha uuguzi ukutani.

Chanjo. Surua na rubella ya kwanza ni miezi tisa, mnakuja mmejipamba. Ya pili ni miezi kumi na minane, nabaki na friji la chanjo na kiti kitupu. Kwa sababu kati ya tisa na kumi na nane hakuna wa kukukumbusha, mtoto anatembea, anaonekana mzima, kadi ipo chini ya godoro. Fungua kalenda ya simu sasa hivi, nenda mwezi atakaotimiza miezi kumi na minane, bonyeza siku, andika CHANJO YA PILI, weka ikukumbushe siku mbili kabla. Sasa hivi nimesema, siyo ukimaliza kupika.

Kuhusu mwenzangu wa mlangoni: nimeongea naye. Amesema wamama wanachat wakati anafundisha. Ni kweli, wanachat. Nikamwambia Jumanne ijayo, kabla hajaanza somo lake la lishe, anipe dakika kumi za mwanzo na kila mama atoe simu yake mkononi, kitochi na yenyewe, tuweke kipima muda wote pamoja. Amekubali shingo upande. Wenye kliniki Jumanne, njooni na chaji. Naingia zamu ya usiku.